Kisanduku chenye Mtu Mmoja

Wanatakwimu wana taabu yao ukiwafanyia kazi. Ukiandika kwamba mkutano ulihudhuriwa na watu wengi, watatu watakuuliza kabla ya adhuhuri wengi ni wangapi. Ukiweka mchoro ambao mhimili wake hauanzii sifuri, utapigiwa simu na mzee mmoja wa Gabès ambaye hana hata salamu. Naziha Ghorbel alikuwa amewavumilia miaka tisa. Ndiye aliyeendesha tovuti ya Umoja wa Wanatakwimu wa Sfax na Kusini, katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Alipandisha matangazo ya kazi, aliandikisha wanachama wapya, alipanga ratiba za mikutano. Kubwa zaidi, aliwarudishia watu maneno yao ya siri, maana mtu anayeweza kukokotoa kichwani uwezekano wa mvua ya Machi hawezi kukumbuka herufi nane alizozichagua mwenyewe.

Hata hivyo aliwapenda. Naye alikaribia kuwa mmoja wao. Alisoma takwimu chuoni miaka mitatu, kisha baba yake akapooza upande mmoja na yeye akarudi nyumbani kumuuguza. Waliomaliza walimsahau, isipokuwa mwalimu wake, Profesa Tawfik Ben Romdhane. Profesa alipochaguliwa mwenyekiti wa Umoja alimtafuta mpaka akampata.

"Shahada hukumaliza," alimwambia siku ile, "lakini hukuwahi kunidanganya kwa tarakimu hata moja. Wenye shahada wengi siwezi kuwasemea hivyo."

Naziha aliyaweka maneno hayo moyoni kama mtu awekavyo dhahabu ya mahari. Tangu hapo Profesa akiomba kitu alipewa, na haikuulizwa sababu.

Dodoso lilikuwa wazo la Profesa. Katika mkutano wa majira ya baridi wazee walikuwa wakinong'ona kwenye kahawa, kila mmoja na kisa chake cha mkubwa aliyetaka asilimia ipande au ishuke. Profesa akasema minong'ono haipimiki, basi na iulizwe. Swali likawa moja: umewahi kuagizwa kubadilisha takwimu? Chini yake palikuwa na nafasi ya kueleza kwa anayetaka, kisha mambo ya kawaida ya dodoso lolote: mwanamume au mwanamke, umri, mkoa, na aina ya taasisi unayofanyia kazi. Jina halikuulizwa.

Juma la kwanza walijibu kumi na mmoja, kati ya wanachama mia sita na arobaini. Profesa akapanda ngazi akihema, akaketi, akafuta miwani yake kwa ncha ya koti.

"Mimi hawanijui, binti yangu. Wanachojua ni kunisikia jukwaani. Wewe ndiye wanayekujua, wewe ndiye unayeongea nao wakikwama. Waandikie barua, uiweke ukurasa wa mbele. Kwa jina lako."

Naziha alifurahi, tusimsingizie unyenyekevu. Aliandika barua isiyozidi ukurasa mmoja: kwamba yeye Naziha, anayewarudishia maneno yao ya siri, anawaahidi kuwa hakuna atakayejua nani kajibu nini, hata yeye mwenyewe. Akatia jina lake chini. Kisha akaanza kupiga simu, mmoja mmoja, akimwita kila mtu kwa yale aliyoyajua juu yake.

Simu aliyoitegemea zaidi ilikuwa ya Zarzis, kwa Monjia Lassoued. Huyu alikuwa mtakwimu wa Shirika la Mizeituni ya Kusini kwa miaka ishirini na sita. Kila mwisho wa kiangazi aliongoza kikosi kwenda kwenye miti iliyopatikana kwa kura, wakahesabu matunda tawi kwa tawi, na kutokana na miti hiyo michache Monjia akasema mkoa mzima utavuna tani ngapi. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mikwaruzo mikononi na ulimi usiopoa. Urafiki wao ulianza kwa neno la siri lililosahauliwa, simu ya dakika mbili iliyokwisha baada ya saa nzima kwa mabishano ya namna ya kutia zeituni kwenye chumvi. Kila msimu wa kukamua Monjia alimpelekea dumu la mafuta kwa gari la abiria, na Naziha akarudisha sanduku la makrudhi, vile vikeki vilivyojaa tende.

Monjia alipoelezwa habari ya dodoso alicheka kwanza.

"Mwenzangu, mimi nimebakiza miaka miwili na nusu nistaafu. Mkono wangu nautia mzingani wa nini? Asali siioni."

"Da Monjia, jina halimo. Hakuna atakayejua. Hata mimi sitajua."

"Hata wewe?"

"Wallahi."

Monjia akasema kwamba Profesa hamwamini wala hamkatai, hamjui. Lakini kwa neno la Naziha atajibu.

Kwa neno la Naziha walijibu wengi. Siku ya mwisho walifika mia mbili sitini na wanane, na asilimia arobaini na moja kati yao walisema ndiyo. Magazeti yaliandika. Profesa aliitwa redioni mara mbili, na wageni walioingia kwenye tovuti kwa siku moja walizidi wa mwaka mzima.

Naziha ndiye aliyeyakusanya majibu kwenye faili moja, na ndipo alipokutana na mstari mmoja ulioandikwa hivi: "Nilihesabu tani elfu arobaini. Karatasi ilirudi kutoka juu imeandikwa elfu hamsini na tano, na chini yake sahihi yangu." Mwanamke, umri zaidi ya hamsini na mitano, mkoa wa kusini mashariki, shirika la kilimo. Alimtambua papo hapo. Akatabasamu, kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake sokoni, akasema moyoni, Da Monjia huyo, akaendelea na kazi.

Alipaswa kuogopa. Mwanatakwimu yeyote hufundishwa hilo mapema: jedwali likiwa na kisanduku chenye watu pungufu ya watano, halichapishwi, maana wachache hujulikana hata bila majina. Katika ripoti Naziha aliifuata sheria hiyo kwa makini; visanduku vyembamba vyote aliviunganisha na vingine. Lakini faili lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba, na kosa la watu hawa ni kudhani hatari huanzia kwenye uchapishaji.

Mwezi wa Julai Profesa aliomba faili. Alisema anataka kuyapima upya majibu ili kila mkoa upate uzito wake wa haki. Naziha aliuliza kama aondoe kwanza maelezo ambayo watu waliyaandika kwa maneno yao.

"Mtakwimu hapewi data iliyochujwa kama chai," Profesa akajibu, na wote wawili wakacheka.

Naziha alilipitia faili mara ya pili kutafuta majina. Hakukuwa na hata moja. Akampelekea.

Oktoba ilipoingia, Jumanne moja saa nne za asubuhi, Monjia alipiga simu. Hakuuliza habari za baba yake Naziha, jambo ambalo hakuwahi kuliacha.

"Nimehamishwa. Tunis, chumba cha kumbukumbu. Kuanzia Jumatatu."

Naziha alidhani ni utani. Huu ulikuwa msimu wa zeituni, na kikosi cha Monjia kilikuwa kinarudi kwenye miti kuhakiki hesabu ya kiangazi kabla ya mavuno. Akauliza nani anahesabu basi.

"Kijana wa mkurugenzi wetu. Nisikilize, Naziha. Mkurugenzi aliniita, akafungua karatasi, akanisomea jibu langu: Nilihesabu tani elfu arobaini. Karatasi ilirudi kutoka juu. Alinisomea neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho, kisha akauliza kama nadhani ukweli huo utanisaidia kustaafu vizuri. Maneno hayo nimeyaandika mahali pamoja tu duniani."

"Jina lako halimo, Da Monjia. Naapa."

"Wanawake wa kusini mashariki, wa shirika la kilimo, waliovuka hamsini na mitano, tuko wangapi kwenye faili lako?"

Naziha hakuhitaji kulifungua.

"Mmoja," akasema.

"Na wewe ulipoyasoma, ulijua ni mimi?"

Angeweza kusema hapana. Alilifikiria hilo kwa muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo Monjia aliisikia.

"Nilijua."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa hiyo nilikuwa uchi tangu siku ile, nawe ukanipita kimya." Sauti ya Monjia haikupanda. "Ungeniambia tu, 'Da Monjia, unaonekana.' Jibu lile ningelifuta."

Simu ikakatwa. Naziha alibaki ameishika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu likaja swali ambalo hakutaka kuliuliza, kwa sababu jibu lake lilikuwa moja: faili lile alimpa mtu mmoja tu.

Hata hivyo alimtetea. Kwa nusu saa nzima alimtetea Profesa mbele ya nafsi yake: labda kompyuta yake imeingiliwa, labda karatasi iliachwa mezani chuoni, labda mwanafunzi. Kisha kwenye barua pepe za tovuti ikaingia habari ya kupandishwa ukurasa wa mbele, yenye picha, iwe tayari kabla ya saa sita. Umoja unampongeza Profesa Tawfik Ben Romdhane kwa kuteuliwa mwenyekiti wa Kamati ya Kitaalamu ya Shirika la Mizeituni ya Kusini. Pichani Profesa alikuwa akipeana mkono na mkurugenzi, wote wawili wakicheka na kamera. Kikulacho ki nguoni mwako. Naziha alikuwa ameshonewa nguo hiyo miaka tisa, na aliivaa kwa fahari.

Alimkuta mkahawani, mahali pake pa kila siku, na gazeti na kikombe kidogo cha kahawa nzito.

"Karibu, binti yangu. Ile habari umeshaipandisha?"

"Bado. Profesa, faili nililokupa Julai umempa nani?"

Hakubabaika, na hilo ndilo lililomuumiza Naziha kuliko yote. Alikunja gazeti na kueleza kwa utulivu, kama yuko darasani. Mkurugenzi alikuwa akizunguka kote akisema kwamba ile asilimia arobaini na moja imepikwa, kwamba Umoja umejitungia majibu. Watu wa wizarani walianza kumsikiliza.

"Miaka arobaini nimejenga jina," akasema Profesa. "Nimwache mtu aseme nimetunga tarakimu? Nikamwambia, chukua faili, hesabu mwenyewe. Akahesabu. Ikatoka arobaini na moja. Sasa hasemi tena."

Naziha aliuliza kuhusu uenyekiti. Profesa akasema huo ulikuja baadaye, wenyewe. Mkurugenzi alipendezwa na ubora wa kazi. Alisema hivyo bila kupepesa jicho, na Naziha akaona kwamba pengine mwenyewe ameshaliamini.

"Da Monjia anahamishwa. Amesomewa jibu lake usoni."

"Jina la mtu halikuwamo mle."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Profesa. Ubaoni, kwa mkono wako. Mtu akibaki peke yake kwenye kisanduku, ameshatajwa jina."

"Hilo ni la majedwali ya kuchapisha. Mimi sikuchapisha kitu." Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. "Namsikitikia yule mama, kweli. Lakini tusichanganye mambo. Mimi sikumwahidi mtu yeyote siri. Ile barua ukiisoma vizuri, haina jina langu."

Naziha aliikumbuka siku ile ya ngazi na miwani iliyofutwa kwa koti. Hakujua kama mzee alilipanga jambo hili tangu wakati ule, au ameligundua sasa hivi, kwa bahati, kama mtu aonaye mlango wa nyuma moto ukiwaka. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi. Alichojua ni kwamba alipenda kuitwa binti, na kwa neno hilo moja alikuwa amewauza watu mia mbili sitini na wanane.

"Iweke kabla ya saa sita," akasema Profesa alipomwona anasimama. "Na mwandikie mama yule maneno mazuri. Wewe unajua kuongea nao."

Alirudi ofisini kwa miguu, akapanda ngazi, akafungua faili. Kwa mara ya kwanza alilihesabu kama adui angelihesabu: umri, mkoa, mwanamume au mwanamke, taasisi. Waliobaki peke yao kwenye visanduku vyao walikuwa thelathini na wanne. Mkaguzi mmoja wa bima kule Gafsa. Mwanamke mmoja wa hospitali kule Kebili, chini ya miaka thelathini, aliyeeleza kwa kirefu na kumaliza kwa kuandika kwamba kusema tu kumempunguzia mzigo.

Habari ya pongezi hakuipandisha. Mahali pake, juu kabisa ya ukurasa wa mbele, aliandika hivi:

"Kwa wote mliojibu dodoso. Mimi Naziha Ghorbel niliwaahidi siri, na siri hiyo haipo tena. Faili lenye majibu yenu yote nilimpa mwenyekiti wetu mwezi wa Julai, naye akampa mwajiri mmoja. Majina hayamo, lakini thelathini na wanne kati yenu mmo peke yenu katika visanduku vyenu, na anayewafahamu atawatambua. Mmoja ameshatambuliwa na ameadhibiwa. Mimi nami nilimtambua tangu mwanzo, nikanyamaza. Jilindeni, na mnisamehe mkiweza."

Akabonyeza, ikapanda. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tano.

Alitarajia matusi. Yaliyokuja yalikuwa mabaya zaidi ya matusi. Mzee wa Gabès, yule asiye na salamu, aliandika wa kwanza: kisanduku changu kina wangapi? Akafuata mwingine, na mwingine, wote wakiuliza jambo hilo hilo kwa adabu ya watu wa takwimu: naomba kujua kama mimi ni miongoni mwa wale thelathini na wanne. Naziha alianza kumjibu mzee, akaacha katikati. Kumwambia kisanduku chake kina wangapi ni lazima kwanza amtafute alipo, yaani afanye kile kile alichofanya mkurugenzi, tena kwa maelezo ya mzee mwenyewe. Asipomwambia, mzee atalala na woga. Alikaa mbele ya maswali hayo mikono ikiwa mapajani, na yakazidi kuingia.

Dakika ya arobaini tangu tangazo lipande, skrini ilimtaka aingize neno la siri. Aliingiza. Likakataliwa. Aliingiza tena polepole, herufi kwa herufi, akijiona sasa kama mmoja wa wale aliokuwa akiwacheka miaka yote hii. Likakataliwa tena. Anwani za wanachama, majibu, barua za maswali, vyote vilikuwa huko ndani, na yeye alikuwa nje.

Kilichobaki ni ukurasa wa mbele, ambao mtu yeyote angeweza kuusoma. Aliufungua kwa simu yake. Tangazo lake lilikuwa limeondolewa. Juu palikuwa na picha ya Profesa na mkurugenzi wakicheka, na chini ya picha maneno machache kwa hati iliyokolezwa: kwamba taarifa iliyoonekana kwa muda mfupi asubuhi hiyo ilitokana na hitilafu ya tovuti, kwamba majibu ya dodoso yalihifadhiwa na yanaendelea kuhifadhiwa kwa siri kamili, kwamba wanachama wasiwe na wasiwasi. Mwishoni pakawekwa sahihi: Naziha Ghorbel, Msimamizi wa Tovuti.

Alilisoma jina lake mara tatu. Walimnyang'anya kila kitu, wakabakiza hilo, kwa sababu ndilo lililoaminiwa.

Alimpigia Profesa, haikupokelewa. Alimpigia katibu, akaambiwa yuko kikaoni. Akakaa. Jua lilikuwa limeshapita dirishani simu ilipolia, na ilikuwa ya Zarzis.

"Nimesoma," akasema Monjia. Nyuma yake ulisikika utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, mtu akifunga maboksi. "Mwanangu alinionyesha ile ya saa sita. Nikasema, sawa, angalau ana uso. Nikasema nikimaliza kufunga nitampigia. Sasa nimefungua tena, nakuta nyingine."

"Si mimi niliyeiandika, Da Monjia. Wamenifungia nje. Wameweka tu jina langu."

"Jina lako ninalo mara tatu sasa. Mara ya kwanza linaniahidi siri. Mara ya pili linasema siri imevunjika. Mara ya tatu linasema siri ipo, tulale." Utepe ukavutwa tena. "Wenzangu hapa wananiuliza waamini ipi. Niwaambie nini?"

"Waambie ile ya pili. Nakuomba. Ile ya pili ndiyo yangu."

Monjia alipojibu, hasira ilikuwa imemtoka, ukabaki uchovu tu.

"Nitawaonyesha wapi, Naziha? Hiyo ndiyo isiyokuwapo."